Kivuli cha Mimumunye Juu ya Paa la Ofisi

Paa la ofisi yetu lilikuwa bapa, la zege, na Mhindi aliyelijenga alikuwa amefukuzwa Uganda na wenzake wote. Duka lake la vitambaa pale Arua mjini likawa la wanunuzi wa tumbaku: chini ghala, ghorofani makarani, na juu kabisa paa lisilokuwa na kazi. Nadhani mke wake alikuwa akianika pilipili huko, maana hata miaka mitatu baadaye mvua ikinyesha zege lilitoa harufu ya kuwasha pua. Walikuwa wameacha waya za kuanikia nguo, tangi la maji lililotoboka, na ukuta mfupi wa kufika kiunoni.

Ukisimama hapo asubuhi kabla ukungu haujaondoka, Arua Hill ilikuwa inaelea bila miguu. Moshi wa majiko ya Manibe, kwetu, ulilala chini kama mtu asiyetaka kuamka. Upande wa Kongo mawingu yalikuwa yanapangana kama magunia ghalani, moja juu ya jingine, bila haraka. Na barabara ya Koboko ilipita chini yetu, nyekundu, ikaenda kaskazini mpaka ikawa uzi. Barabara hiyo nilikuwa naitazama kwa hasira. Mwisho wake aliishi mama mkwe wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, cheti cha sekondari, mashine ya chapa yenye herufi moja iliyokwama, na mtoto wa miezi mitatu. Mume pia nilikuwa naye, kwa karatasi. Ni mwanajeshi, aliondoka mimba ikiwa na miezi minne, akapelekwa kambi ya kusini, na tangu hapo sijamwona. Barua zake zilikuwa fupi kama amri. Ile ya mwisho ilisema hivi: mtoto akianza kukaa apelekwe Koboko kwa mama yangu, wewe uendelee na kazi. Uendelee na kazi! Niliichana. Halafu nikaibandika kwa gundi ya ofisi, ili niweze kuichana mara ya pili.

Mama yangu mzazi, kule Manibe ninakoishi, alimlea mtoto wiki tatu za kwanza niliporudi kazini. Kisha mgongo wake ukakataa. Nikaenda kwa Meneja.

"Ofisini hakuna mtoto," alisema. "Hapa ni tumbaku na karatasi."

"Na juu?"

"Juu wapi?"

"Juu ya paa."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Juu ni kwa kunguru, mama. Kama wewe ni kunguru, nenda."

Basi nikawa kunguru. Kesho yake nilimpitisha mtoto mgongoni chini ya koti kabla Meneja hajafika, na kila siku baada ya hapo. Makarani waliniona wakanyamaza, kila mmoja akijua kwamba mimi pia ninajua ni jani gani la tumbaku analopeleka nyumbani kwake.

Huko juu kulikuwa na mtu mmoja tu, mama wa Kikongo aliyepika chai ya ofisi. Jiko lake la makaa lilikaa pembeni mwa paa kwa sababu Meneja hakutaka moshi. Siku ya kwanza nilipomlaza mtoto karibu yake, alitazama jua, akatazama mtoto, akanitazama mimi.

"Huyu mutoto utamukaanga," alisema.

Alisema kweli. Kufika saa nne zege lile lilikuwa kikaango. Tulitundika juu ya waya gunia kubwa la kufungia tumbaku, na kwa siku mbili mtoto alilala vizuri. Siku ya tatu upepo ulilichukua. Liliruka polepole, likijikunja na kujikunjua, zuri kabisa, likavuka barabara na kutua sokoni juu ya mwanamke aliyekuwa akiuza dagaa. Matusi ya lugha tatu yalipanda mpaka juu. Tuliinama nyuma ya ukuta kama wezi, mama wa chai akiwa amemziba mtoto mdomo kwa titi lake mwenyewe lisilo na kitu.

"Weka kitu iko na mizizi," alininong'oneza. "Upepo habebe mizizi."

Hivyo ndivyo bustani ilivyoanza. Sikutaka mboga. Nilitaka chumba cha mtoto wangu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kunipa chumba, nilitaka kukiotesha.

Mama alinipa mbegu za mumunye, yale yanayokauka yakawa vibuyu vya kuchotea maji. Vyombo nilivitoa jalalani nyuma ya ghala: madebe ya mafuta ya kupikia yaliyooza kando, sanduku la chai la mbao, sinki lililopasuka katikati, tairi la lori, kifuniko cha mashine ya chapa ambayo yenyewe ilikuwa imekufa. Nilipata pia droo kubwa isiyo na dawati; hiyo nikamtandikia mtoto. Vitako vya madebe nilivitoboa kwa msumari na kisigino cha kiatu. Kamba za katani zilizokatwa kwenye marobota ya tumbaku nilizifunga kutoka kila debe mpaka kwenye waya, ili mimea ipate njia ya kupanda. Vumbi la tumbaku tulilimwaga pembeni kuwafukuza wadudu. Majani ya chai yaliyochemka mara tatu, maana siku hizo chai ilichemshwa mpaka ikatubu, nayo yaliingia humo humo.

Udongo ndio ulikuwa shida. Uwanja wa ofisi ulikuwa changarawe tupu iliyoshindiliwa na malori. Udongo mzuri ulikuwa nyumbani, nyuma ya zizi la mbuzi, mweusi na laini. Nikawa naubeba kwenye mkoba wangu wa mkononi, ule mweusi wenye bizimu ya rangi ya dhahabu ambao mume wangu aliniletea kutoka Kampala tulipooana. Mkoba huo haujawahi kufanya kazi nyingine ya maana. Kila asubuhi mkoba mmoja. Askari wa mlangoni alikuwa anapekua watu wakitoka, kwa ajili ya wizi wa tumbaku. Anayeingia hakuulizwa kitu.

Sasa nikikumbuka wiki zile, naona kama nilizipitisha nikiwa nimelala macho wazi. Mbegu zilitoka zikiwa zimebeba maganda yao kichwani kama wanawake waliochelewa soko. Nilikuwa nachapa barua hadi saa nne, kisha napanda juu kunyonyesha, na hapo dunia ilikuwa inapunguza sauti. Mashine za chapa chini yangu zilikuwa manyunyu juu ya bati. Malori yalikuwa nyuki. Mtoto alinyonya akiwa ameshika kidole changu, macho yake yakifuata ncha ya mumunye ikitikisika hewani, ikitafuta kamba, ikiikosa, ikiitafuta tena. Siku moja nilishusha macho kwa kitambo tu, nilipoinua tena ncha ilikuwa imeshika kamba na kujizungusha mara moja na nusu. Mtoto alikuwa ameona. Nina hakika aliona. Aliacha titi akacheka peke yake.

Nilikuwa na hasira hata hapo, msidhani nilikuwa nimepoa. Lakini ilikuwa imelala pembeni, kama mbwa aliyeshiba.

Mimea ilipofika urefu wa goti ndipo askari akanisimamisha.

"Mama, leo fungua mkoba."

"Mimi naingia, sitoki."

"Nimesema fungua. Iko amri mpya."

Kumbe wakulima fulani walikuwa wamekamatwa wakiingiza mawe kwenye marobota ili mizani iseme uongo, na sasa kila kinachoingia kilipekuliwa. Nikafungua. Askari aliingiza mkono, akautoa mweusi, akaunusa.

"Hii nini?"

"Udongo."

Alirudi nyuma hatua mbili akafuta mkono ukutani. "Udongo ya nani?"

Hakuuliza wa wapi. Aliuliza wa nani. Kwetu udongo unaoletwa kwa siri mahali pa watu wengine una mwenyewe: umetolewa kaburini, au umekwanguliwa katika alama ya mguu wa mtu unayetaka akonde. Na Meneja alikuwa anashika tumbo tangu Jumatatu. Karani mkuu akatoka. Mpima mizani akatoka. Dereva wa lori la Koboko, aliyekuwa anakula muhogo kwenye ngazi, akaacha kutafuna.

"Ndiyo sababu tumbo ya Meneja inauma," askari alisema taratibu, na wote wakautazama mkoba wangu kama una meno.

Ningeweza kusema kweli. Kweli ilikuwa juu yetu ngazi mbili tu, imelala kwenye droo, mama wa chai akiipepea. Mama wa chai ndiye aliyetangulia kumpandisha mtoto siku hiyo. Lakini wangepanda kuiangalia. Meneja angeona paa lake, na kabla ya saa sita mtoto wangu angekuwa hana pa kukaa mjini, na kabla ya wiki kwisha angekuwa Koboko. Nilifikiri haya yote kwa muda wa kupumua mara moja. Kisha nikachota udongo kwa vidole vitatu, nikautia mdomoni, nikatafuna, nikameza.

Ulikuwa na ladha ya mbuzi. Tuseme wazi: ulikuwa na mavi ya mbuzi.

"Nina hamu," nikasema.

Uso wa askari ulifunguka kama dirisha. Kila mtu anajua mwanamke anayekula udongo ana nini tumboni. "Ah, mama! Si ungesema! Hata bibi yangu alikula ukuta ya nyumba."

Wote wakacheka, hofu ikawatoka. Karani mkuu peke yake hakucheka. Nilimwona akihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, miezi ya mume wangu kuwa kusini. Alipomaliza aliniambia, "Hongera, mama," kwa sauti ya kutoa rambirambi.

Nilipomsimulia mama wa chai, alikaa chini kabisa.

"Ulikula mavi ya mbuzi sababu ya mutoto?"

"Nilikula."

"Basi wewe ni mama." Akacheka mpaka machozi, halafu akakata kicheko ghafla. "Lakini ule dereva. Si ni mutu wa kwa bwana yako?"

Ndiye. Wa kijiji kile kile. Nilikuwa nimekwepa uchawi nikaangukia jambo baya zaidi. Watu wangeniita malaya, hilo lingenipita. Lililonitisha ni maziwa. Pale kwetu na kule kwao wanakubaliana jambo hili moja: mwenye mimba mpya akiendelea kunyonyesha, maziwa yake humharibu mtoto wa kwanza, akadhoofu, akafa. Mtoto wa namna hiyo huokolewa. Bibi yake huja kumchukua, na hakuna mtu wa kumzuia, wala mahakama wala padri.

Nikangoja. Kila lori lililoshuka kutoka kaskazini nilikuwa nalisikia kwenye mbavu. Na wakati nangoja, mimumunye ilikuwa inakua kwa ujinga wake mzuri, haijui lolote. Ilifika kwenye waya. Ilitandaa. Majani yake makubwa kama viganja yalipandana mpaka jua likawa linaingia vipande vipande, vya kijani, vikitembea juu ya uso wa mtoto. Jioni nikikaribia kushuka, maua meupe yalikuwa yanaanza kufunguka moja moja. Matunda madogo yakatokea, yenye manyoya laini, shingo nyembamba. Chini ya kivuli kile hata hofu yangu ilikuwa inasinzia. Nilikuwa naota ndoto fupi fupi nikiwa nimekaa, mtoto kifuani: naota paa limekatika kamba, linaondoka na sisi watatu, linapita juu ya Manibe, mbuzi wanainua vichwa.

Mama mkwe alikuja Alhamisi, wiki ya tano tangu nile udongo, amekaa mbele kwenye lori la yule dereva. Nilisikia sauti yake kutoka mlangoni. Yeye ni Mkakwa, mimi Mlugbara. Lugha yetu ya kugombania ni Kiswahili, chake cha soko na cha mama aliyezaa wanajeshi.

"Mtoto ya mtoto yangu iko wapi? Iko wapi? Mwanamke ananyonyesha yeye maziwa mbovu!"

Meneja alitoka. Makarani walitoka. Askari, maskini, kwa kutaka kusaidia akaonyesha ngazi. Niliacha herufi katikati ya neno nikakimbia, lakini mama mkwe ana miguu ya mkulima. Tulifika juu pamoja, na nyuma yetu Meneja akihema, na nyuma yake ofisi nzima.

Wote tulisimama tukatazama juu. Kulikuwa na upepo mdogo, na paa lote la majani lilipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Meneja ndiye aliyeharibu. "Ile si kifuniko ya mashine? Na ile droo! Hiyo ni mali ya ofisi."

"Ilikuwa jalalani," nilisema.

"Mali ya ofisi hata ikiwa jalalani ni..."

"Nyamaza," mama mkwe alimwambia bila kugeuka. "Mtoto iko nalala."

Meneja akafuta miwani yake. Mama mkwe alikuja moja kwa moja kwangu akaweka kiganja tumboni mwangu, mbele ya wanaume wote, akabonyeza kama anachagua papai.

"Mimba iko wapi?"

"Hakuna, mama."

"Udongo ulikula?"

"Kidogo."

"Ingine iko wapi?"

Nikamwonyesha madebe. Alizunguka paa lote, debe kwa debe, akichomeka kidole kwenye udongo na kukiangalia. Alichukua muda wake. Aliporudi aliuliza, "Hii yote ulibeba na nini?"

"Na mkoba. Ule mwana wako aliniletea Kampala."

Alitoa hewa puani. Huenda ilikuwa kicheko. Lakini hapo hapo alifungua kitambaa kipya alichokuwa amejifunga begani, akakikung'uta, akainama kwenye droo.

"Mimi nabeba mtoto. Nimekuja safari yote. Mtoto ya watu hakai juu ya nyumba kama njiwa."

Yule mbwa wa hasira yangu aliamka. Nilisimama kati yake na droo. Nilikuwa nimesoma sekondari, najua kuandika malalamiko kwa nakala tatu, lakini kitu kilichonitoka mdomoni ni hiki: "Mama, ukimgusa nitakuuma."

Karani mkuu alikohoa. Mama wa chai alisogea akasimama kando yangu na birika lake, linafuka. Mama mkwe hakurudi nyuma wala hakusogea mbele. Na hapo mtoto aliamka, akalia mara moja, na maziwa yakanishuka yenyewe, yakaloa blauzi pande zote mbili mbele ya Meneja, mpima mizani na dunia nzima.

Mama mkwe aliangalia ile blauzi. "Kamua," alisema.

"Nini?"

"Kamua hapa." Alichuma jani moja la mumunye akalikunja kidogo kama kijiko. Wanaume waligeuka wakaanza kushuka ngazi wakisukumana. Nikakamua. Maziwa yalikaa juu ya vinyweleo vya jani kama shanga, hayakusambaa. Alilipeleka jani juani, akaliinamisha huku, akaliinamisha kule, akafuata lile tone kwa macho. Sisimizi mmoja alikuwa kwenye jani. Alikuja mpaka ukingoni mwa tone, akanywa. Tulimngoja, wanawake watatu tumeinama, pumzi tumezishika. Alikunywa sana yule mdudu. Kisha akaendelea na safari yake.

"Maziwa iko mzuri," mama mkwe alisema.

Akakaa kwenye tairi, akaomba chai. Nikamtoa mtoto nikamnyonyesha mbele yake, na alimtazama kwa muda mrefu sana, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ameshuka barabara ile yote kwa sababu aliogopa mjukuu wake asije akafa. Hilo halikunifurahisha. Ilikuwa rahisi zaidi nilipomchukia bila kasoro. Alipomaliza chai alinyoosha mkono juu, akakwaruza kwa ukucha ganda la mumunye lililokuwa karibu. Ukucha ukaingia, ukatoka na maji.

"Bado mbichi," alisema. "Mtoto ikae na mama yake. Hii ikikauka, nakuja kuchukua."

"Ikikauka," nikajibu.

"Kabisa. Ikilia ndani."

Tulikubaliana hivyo, na mama wa chai akawa shahidi. Meneja hakutufukuza. Siku mbili alijifanya hajui kilichoko juu, ya tatu akapanda na kikombe chake, akakaa kivulini dakika kumi akitazama Arua Hill, akashuka. Baada ya hapo chai yake alikuwa anainywea huko.

Mimi nilikuwa nimeanza hesabu nyingine. Mumunye halikawii. Miezi michache shingo inakakamaa, rangi inageuka, mbegu zinaanza kulia ndani ukitikisa. Kwa hiyo wiki ile ile nilipanda mbegu mpya kwenye sinki. Hizo zilipopanda kamba, nikapanda nyingine kwenye tairi. Vibuyu vilivyokauka nilivikata asubuhi mapema, nikampa mama wa chai akauze soko la Inde siku ya gulio. Juu ya kichwa cha mwanangu hakujawahi kukosekana tunda bichi.

Mama mkwe alikuja tena kiangazi, vumbi limejaa kila mahali, milima yote imefutika. Mtoto alikuwa anasimama kwa kushika ukingo wa debe, matako nje, mdomo umejaa udongo wake mwenyewe. Alimtazama bibi yake, akamtolea ulimi mweusi. Bibi alimfuta kwa kitambaa, akainua mkono, akakwaruza tunda moja. Maji. Akajaribu la pili. Maji.

"Haijakauka," alisema.

"Bado, mama."

Alikuwa amelima tangu anajua kutembea. Alijua mumunye linachukua muda gani. Aliangalia sinki, ambamo miche miwili ilikuwa imetoka asubuhi hiyo, maganda yakiwa bado vichwani. Aliiangalia, akaniangalia, akaiangalia tena. Mimi nilimwangalia usoni, sikushusha macho, ingawa nimefundishwa kushusha.

Alikunywa chai yake bila sukari. Alimbeba mtoto mpaka ukutani akamwonyesha lori lake lile chini, na mtoto akapiga kelele za furaha kwa ajili ya lori. Kisha akanirudishia mtoto, akafunga kitambaa chake kiunoni, akaanza kushuka ngazi.

"Ikikauka nakuja," alisema.

"Karibu, mama."

Nilisikia miguu yake ikishuka, ikasimama katikati.

"Ile ndogo ya sinki," alisema kutoka huko chini, "usimwagilie maji mingi. Itaoza."